Meseji za tableti au barua ya posta kwa ndugu aliyefungwa Marekani? Nimetumia zote, maoni yangu haya

Naandika hii kwa sababu kila kwenye msiba au harusi zetu huku Marekani lazima kuna mtu atanivuta pembeni aniulize kwa sauti ya chini, dada ivi we yule mdogo wako unawasiliana naye vipi? Aibu tunayo nyingi kwenye hili jambo na wanaoumia ni walioko ndani, mtu anakaa miezi hajapata hata neno moja la kwao, sio kwamba hawampendi, hawajui waanzie wapi na wa kumuuliza hawamuoni. Jimbo letu sitaji, kampuni tunayotumia pia sitaji, wabongo tunajuana wote huku.

Cha kwanza kabisa jueni mtu wenu yuko jela ipi, maana wengi wanachanganya hapo. Kuna jela ya kaunti, hiyo ni ya wanaosubiri kesi na wa vifungo vifupi, kuna gereza la jimbo na kuna la federal, yaani la serikali kuu ya Marekani, na kila moja lina utaratibu wake hata kama yote yako mji mmoja. La federal wanatumia CorrLinks, tovuti ya kuandikiana na wafungwa, na huko mfungwa ndo anakualika we, ukijisajili mwenyewe bila mwaliko utabaki unaangalia ukuta. Mimi naongelea gereza la jimbo. Unaingia tovuti ya idara ya magereza ya hilo jimbo, unatafuta jina, inakuja namba yake ya ufungwa na jina la gereza alilopo, na hapo hapo kwenye maelezo ya kuwasiliana na wafungwa wataandika ni kampuni gani ina tenda ya meseji. Huchagui kampuni, ndugu yangu. Jimbo limeshakuchagulia.

Kwenye jina muwe makini sana. Andikeni jina lilivyo kwenye faili hata kama limekosewa. Wa kwetu jina la babu limekaa mbele na jina lake mwenyewe limekosewa herufi tangu airport miaka hiyo, sasa mama mdogo aliyeko Tanga akawa analeta ubishi eti mwanangu haitwi hivo mimi siandiki. Mama andika tu. Ukiandika lile sahihi barua inarudi, na nyumbani kule Tanga hata hawatakuelewa ukiwaambia barua imerudi kwa sababu jina ni sahihi.

Haya, hizi meseji zenyewe. Mfungwa anapewa tableti, nyingine za bure na nyingine za kununua kutegemea na jimbo, haina intaneti kama hizi zetu, ina programu za kampuni tu. We unapakua apu, unaweka kadi ya benki, unanunua "stempu" za kwenye simu, unaandika, unatuma. Kampuni kubwa za kazi hii Marekani nzima ni chache, kuna JPay na Securus ambao ni nyumba moja tangu Securus ainunue JPay mwaka 2015, na kuna ViaPath ambayo zamani ilikuwa inaitwa GTL. Bei inategemea jimbo lilikubaliana nini na kampuni. Prison Policy Initiative, shirika linalotafiti mambo ya magereza, walizichungulia hizi bei mwaka 2023 wakakuta meseji moja ni bure Connecticut, senti 50 Alaska na Arkansas, na majimbo mengi yako kwenye senti 27 hadi 30. Ukiangalia haraka haraka utaona mbona rahisi, posta stempu moja ilipanda hadi senti 78 Julai 2025. Ngoja kwanza.

Stempu moja ya kwenye simu ina kikomo cha herufi, na hapa ndo Mswahili anapoumia. Mama mdogo hana kadi ya Marekani na hiyo apu kule kwake haifungui akaunti, kwa hiyo ananitumia voisi WhatsApp nami nakaa jikoni usiku naandika neno kwa neno. Sasa voisi ya mama mdogo mnaijua inavyoanza. Assalaam alaykum mwanangu, hujambo, u hali gani, sisi huku hatujambo wote wazima wa afya, shangazi yako anakusalimu, mjomba wako anakusalimu, bibi Zawadi wa pale dukani anakusalimu, na yule mtoto wake uliyemuacha anatambaa sasa anaenda madrasa naye anakusalimu... naangalia kihesabu cha herufi kule kwenye kona kinashuka tu na habari yenyewe haijaanza, kumbe kuna mtu kauza shamba. Herufi zikiisha unakata stempu ya pili. Mwenyewe mdogo wangu aliwahi kujibu "dada salamu zote nimezipata ila mwambie mama asizifupishe, nazisoma moja moja." Basi, nikaacha kumuomba mama afupishe. Nanunua stempu.

Alafu na yeye kujibu ni stempu. Mshahara wa kazi za gerezani majimbo mengi ni senti kwa saa na kuna majimbo kama Texas hawalipi kabisa, kwa hiyo unapotuma, angalia kama kuna sehemu ya kumlipia jibu, iweke, usisubiri aombe. Mtu mzima anaona haya kuomba stempu kwa dada yake, utadhani amekununia kumbe hana.

Picha ni stempu nyingine juu yake. Na kwenye picha ndo naanza kuwapunguzia nyota, maana mwisho kabisa nawapa maksi za nyota kati ya tano. Tulikuwa na harusi ya dada yake, nikachagua ile nzuri kuliko zote, ndugu wote wamejipanga, kanga sare, mbele kabisa kuna mpwa wake wa miaka sita kanyoosha vidole viwili kama watoto wote wanavyofanya wakiona kamera. Imekataliwa. Sababu iliyoandikwa: ishara ya genge. Mtoto wa miaka sita, kavaa kanzu! Na stempu hairudi, picha ikikataliwa hela wameshakula. Ikabidi niikate mtoto atoke nitume tena, na mdogo wangu akaniuliza mbona fulani hayupo kwenye picha, anaumwa? Kwa hiyo kabla hujatuma angalia mikono ya kila mtu, angalia kifua na mabega ya kina dada, angalia kama kuna mtu kashika chupa ya bia nyuma huko, angalia na fulana zenye maandishi.

Sasa hili la Kiswahili ndo lililonifanya niandike. Kwenye tangazo la apu yetu wameandika ujumbe unafika haraka. Ni kweli unafika haraka, unafika kwao. Kwenda kwa mfungwa lazima upite kwa watu wa gereza wanaosoma, na pale kwenye kile gereza msomaji wa Kiswahili hayupo. Meseji yangu ya Kiingereza nikituma leo jioni kesho au keshokutwa kashaisoma. Ya mama yake inakaa. Inaandika "inasubiri" wiki inapita, mama mdogo ananipigia kila siku mwanangu kajibu nini, namwambia bado mama, anahisi labda mwanawe amekasirika au anaumwa naficha. Nilipiga huduma kwa wateja, yule dada wa watu mpole kabisa akaniambia sisi tunasafirisha tu, kukagua ni gereza. Gereza wakasema ujumbe wa lugha ya kigeni unaweza kuchelewa, kwa heri. Kila mmoja anamtupia mwenzake na hela anayo mmoja.

Nilichoamua, na kinafanya kazi kuliko vyote nilivyojaribu, naandika mistari miwili mitatu ya Kiingereza peke yake kwenye ujumbe wake: mama mzima, mvua zimeanza, hukumu ya rufaa bado. Hiyo inawahi. Alafu ile ndefu ya mama naituma kwa Kiswahili kama ujumbe mwingine, ikichelewa ichelewe, habari muhimu kashapata. Usichanganye lugha mbili kwenye ujumbe mmoja, ukichanganya wote unakaa. Kuna mtu alinishauri niwe namtafsiria mama kila kitu kwa Kiingereza, nikasema hapana, mama yake haongei Kiingereza na yule kijana anataka kumsikia mama yake, sio mimi.

Barua ya karatasi je? Mimi mpenzi wa barua, nawaambia ukweli. Ndani wanaitunza, wanairudia, ina mwandiko wa mtu. Ila majimbo mengi siku hizi haifiki yenyewe. Pennsylvania walianza Septemba 2018, barua unaituma kwa kampuni iliyoko Florida, wanaiskani, mfungwa anapata kopi, ile halisi inaharibiwa. Texas nao 2023 barua za kawaida zikahamia Dallas, zinaskaniwa huko, mfungwa anasoma kwenye tableti. Sababu wanayotoa ni dawa za kulevya zinazolowekwa kwenye karatasi, na ni kweli hizo karatasi zipo, sibishi, lakini zinaingia kwa njia nyingine pia na tatizo sio bahasha za mama mdogo. Kwenye kuskani rangi zinapotea, mchoro wa mtoto wa penseli hauonekani, ukurasa wa nyuma wakati mwingine wanausahau. Kwa hiyo kama jimbo lenu wanaskani: kalamu nyeusi, upande mmoja tu wa karatasi, namba kila ukurasa, na jina na namba yake ya ufungwa juu ya kila ukurasa maana kurasa zinaachana. Marashi, udi, stika, lipstiki, kadi za kumetameta, vyote acha. Najua bibi zetu wanapenda kufukiza barua, lakini bahasha inayonukia haipiti. Barua za wakili peke yake ndo zina njia yake, hizo anwani yake ni tofauti kabisa, muulizeni wakili.

Kama jimbo lenu bado wanapeleka karatasi yenyewe, aisee mna bahati, andikeni barua kila mkipata nafasi na muwaachie kina mama waandike kwa mkono wao huko nyumbani, mwende nazo posta.

Video za sekunde 30, zile za kumtumia kwenye apu, sijazipenda. Bei ni ya stempu kadhaa, na sekunde 30 kwa mtu wa pwani ndo kwanza anakohoa asafishe koo. Hela ya video moja bora uweke kwenye simu. Simu zenyewe angalieni jimbo lenu kwanza kabla hamjaweka salio, maana Connecticut walipitisha sheria mwaka 2021 simu ziwe bure, California zikawa bure Januari 2023, Minnesota Julai mwaka huo huo. Nimekutana na familia Minnesota walikuwa hawajui, wanapokea simu dakika mbili wanakata wakiogopa bili. Kuna sheria ya federal pia iliyosainiwa Januari 2023 ya kuzipa bei za simu na video kikomo, na tangu hapo tume ya mawasiliano imepanga kikomo, ikaahirisha, ikapandisha, ni vurugu tupu. Meseji hazimo kwenye hivyo vikomo kabisa, ndo maana kampuni zinazipenda.

Vitabu haviendi kutoka mkononi mwako. Kwa kawaida lazima vitoke kwa muuzaji au mchapishaji moja kwa moja, vipya, na sehemu nyingi jalada laini tu. Vya Kiswahili vinapatikana, wachapishaji Mkuki na Nyota wa Dar vitabu vyao vinasambazwa nje na African Books Collective, kwa hiyo unaagiza kwenye duka la mtandaoni unaandika anwani ya gereza. Angalia tu kwanza kama hilo gereza lina orodha yake ya wauzaji.

Nyota nazotoa: meseji za tableti tatu kati ya tano, na ningetoa nne kama wangerudisha hela za picha zilizokataliwa. Barua ya karatasi inayofika yenyewe tano. Barua ya kuskaniwa mbili. Video moja, na hiyo moja ni kwa sababu aliona sura ya mama yake.

Msinunue ile paketi kubwa ya stempu kwa kufuata punguzo. Mtu wenu akihamishwa, tuseme kapelekwa jela ya kaunti kwa ajili ya kesi nyingine, na kule kampuni ni nyingine, stempu zako haziendi naye na kuzirudisha kuwa hela ni kazi ya simu nyingi. Nunueni paketi ndogo, ikiisha mnaongeza. Mwenye ndugu gereza la jimbo ambako Kiswahili kinapita haraka aniambie wanafanyaje, mama mdogo ana voisi tatu hapa zinanisubiri.