Tembe, ndoo ya molasi au shayiri: kipi kinamfaa kondoo mwenye mimba wakati wa baridi?

Kwenye vilima vya Wales na Cumbria, huko Uingereza, chakula cha nyongeza kinachonunuliwa majira ya baridi ni cha aina tatu hasa: tembe (vipande vya chakula kilichosagwa na kukandamizwa) zenye protini 18%, ndoo za molasi iliyogandishwa, na shayiri. Kwa kondoo mwenye mapacha, tembe ndizo zinazostahili fedha yako, ila si za mfuko wowote tu.

Kondoo hubeba mimba siku 147 hivi, na takriban 70% ya ukuaji wa mtoto hutokea wiki 6 za mwisho. Wakati huohuo watoto hulibana tumbo la chakula, hivyo mama hawezi tena kujaza nyasi kavu nyingi. Jike wa kilo 70 mwenye mapacha huhitaji zaidi ya megajuli 15 za nishati kwa siku anapokaribia kuzaa. Akila kilo 1.2 za nyasi kavu za wastani, bila kuhesabu maji yaliyomo, hupata 11 hivi. Pengo linalobaki huzibwa na angalau nusu kilo ya tembe nzuri. Lisipozibwa, mwili huyeyusha mafuta yake, ketoni, kemikali zitokanazo na mafuta hayo, hujaa kwenye damu, naye hujitenga, huacha kuona vizuri, kisha huanguka. Wengi hawainuki tena, hata wakitibiwa.

Ndoo ya molasi haiwezi kuziba pengo hilo. Kondoo hulamba kama gramu 100 kwa siku, yaani megajuli moja na kidogo, na wapo wasioigusa kabisa. Inawatosha wenye mtoto mmoja walio kwenye malisho mazuri, hasa pale ambapo gari halifiki kila siku. Soma pia protini yake inatoka wapi: mara nyingi sehemu kubwa ni urea, kemikali inayohesabiwa kama protini, na urea bila nishati ya kutosha tumboni hupotea kwenye mkojo.

Shayiri ina nguvu na mara nyingi ni nafuu. Wape nzima, usiisage: kondoo huitafuna vizuri, na iliyosagwa huchachuka upesi tumboni na kuleta asidi. Udhaifu wake ni protini ndogo na kalsiamu haba. Ongeza madini ya kondoo, na wiki 3 za mwisho gramu 100 za mashudu ya soya kwa siku kwa kila mtoto aliyeonekana kwenye ultrasaundi.

Ukinunua tembe, soma orodha ya viungo, kwa kuwa kilicho kingi huandikwa kwanza. Soya, ngano, shayiri na masalio ya viazisukari vikitangulia, nunua. Maganda ya oti (oats) au ya alizeti yakiwa juu, uache mfuko huo, hata kama umeandikwa 18%. Chakula cha ng'ombe usikiguse kamwe: shaba yake hujilimbikiza kwenye ini la kondoo na kumuua, na kondoo wa aina ya Texel ni miongoni mwa wanaoathirika upesi zaidi.

Wenye mapacha waanze na gramu 250 kwa siku wiki 6 kabla ya kuzaa, wakipanda taratibu hadi 800. Zikizidi 500, gawa asubuhi na jioni. Kila jike apate sentimita 45 za hori, la sivyo wenye nguvu watakula mara mbili na wanyonge, ambao ndio wenye shida, wataambulia vumbi. Kwenye matope bila hori, chukua tembe nene, ndogo huzama.