Zana za kutengeneza na kugeuza funguo kwenye terminali: nimezipanga kuanzia ninayoishika kila siku

Funguo ninazosema ni zile za kompyuta, zinazokuja kwa jozi: wa siri unabaki nao, wa umma unampa mwingine. Na terminali ni lile dirisha la kuandika amri. Tuanze na bei, maana ndiyo mnunuzi huuliza kwanza: zote ni za bure. Gharama yake huja baadaye, aghalabu saa tano usiku, seva inapokataa ufunguo ulioutengeneza asubuhi na mteja anapiga simu ya tatu.

Kuna kijana niliyekuwa nafanya naye kazi, benki moja ikampa faili la .pfx lenye ufunguo wa siri wa kutilia sahihi miamala. Seva yetu mpya ikagoma kulifungua. Badala ya kuniuliza, akatafuta tovuti ya kugeuza PFX kuwa PEM, fomati ya maandishi, akalipakia faili, akaandika na nywila yake. Likageuka vizuri kabisa. Tangu dakika ile ufunguo haukuwa tena wa siri, ikabidi tuombe mwingine: barua, fomu, wiki mbili za kusubiri. Amri moja ya openssl ingemaliza jambo lote ndani ya kompyuta yake, bila hata bando. Kwa hiyo tovuti za kugeuza funguo hazimo humu, na usiniulize ipi kati yake ni salama.

Nimepanga kwa kuangalia mambo mawili: nani atausoma ufunguo huo, na ni rahisi kiasi gani kujiumiza unapoutengeneza. Fundi funguo wa mtaani huuliza kwanza kitasa ni cha aina gani. Huku kwetu watu hukimbilia kuuliza biti ngapi, yaani ufunguo uwe mrefu kiasi gani.

Kabla ya kuchagua, soma mstari wa kwanza

Nusu ya shida za kugeuza funguo huisha ukilifungua faili kwa `head -1` na kutazama limeandikwa nini. Likianza na `BEGIN OPENSSH PRIVATE KEY`, ni la ssh-keygen ya kisasa. `BEGIN RSA PRIVATE KEY` ni fomati ya zamani, PKCS#1, ambayo programu nyingi za kale bado zinaing'ang'ania. `BEGIN PRIVATE KEY`, bila neno RSA, ni PKCS#8, na ndani yake unaweza kukaa ufunguo wa aina yoyote. Pakiongezwa `ENCRYPTED` ujue una nywila. `PuTTY-User-Key-File` linajieleza lenyewe. Na ukiona takataka zisizosomeka, kuna uwezekano mkubwa una DER au PKCS#12, yaani hizo .pfx na .p12.

Jina la faili lisikudanganye. Nimeona .pem ambayo ndani ni DER, na .key ambayo ndani ni cheti, yaani faili lenye ufunguo wa umma na jina la mwenyewe. Aliyelitengeneza ndiye aliyelibatiza.

1. ssh-keygen

Kama unasoma hapa ili uingie kwenye seva au usukume msimbo wa programu GitHub, umefika, mengine yaache. Chombo hiki huja na OpenSSH, programu ya kuingia kwenye seva kwa mbali, kazi ya watu wa OpenBSD tangu 1999. Kwenye Linux na macOS kimo tayari au kinapatikana mara moja, Windows 10 ilianza kuja na mteja wa OpenSSH mwaka 2018, na hata mwenye simu ya Android anakipata ndani ya Termux, programu ya terminali.

Amri ni hii: `ssh-keygen -t ed25519 -C "laptopu ya kazini"`. Ed25519 ni aina ya ufunguo iliyoingia OpenSSH 6.5, Januari 2014, na kuanzia toleo la 9.5 la Oktoba 2023 ndiyo inayotengenezwa usipotaja aina. Ufunguo wake wa umma ni mstari mmoja mfupi unaotosha kwenye ujumbe wa WhatsApp bila kukatika, jambo ambalo RSA, aina ya zamani, ya biti 4096 haikuwahi kunifanyia. RSA itumie pale tu kifaa cha upande wa pili ni kizee, na hapo biti 3072 zinatosha. DSA, aina nyingine ya kale, isahau: OpenSSH 10.0 ya Aprili 2025 iliiondoa kabisa.

Kwenye kugeuza, ssh-keygen ni hodari kwa mambo madogo. Umepoteza ufunguo wa umma lakini wa siri unao? `ssh-keygen -y -f id_ed25519` itautoa tena. Unataka kujua kama ufunguo ulio kwenye seva ndio ulio kwako? `ssh-keygen -l -f` kila upande, kisha linganisha alama. Ila kuna mtego mmoja ambao umewaumiza wengi. Tangu toleo la 7.8, mwaka 2018, funguo za siri huandikwa kwa fomati ya OpenSSH yenyewe, na programu za zamani haziijui. Dawa inayotajwa kila mahali ni `ssh-keygen -p -m PEM -f id_rsa`. Inafanya kazi, lakini haitoi faili jipya: inaandika juu ya lile lile ulilonalo. Ukikosea hapo, au ukibonyeza tu enta kwenye swali la nywila mpya, umebaki na ufunguo usio na nywila na nakala ya awali huna. Piga `cp` kwanza. Na kwa Ed25519 njia hiyo haifui dafu, kwa sababu ssh-keygen haiandiki aina hiyo katika PEM ya zamani.

2. openssl

Siipendi, na siwezi kuishi bila yake. Amri zake zimerundikana kama nguo za mitumba kwenye turubai: `genrsa`, `genpkey`, `rsa`, `pkey`, `pkcs8`, nyingine zikifanya kazi ile ile kwa namna tofauti kidogo. Ushauri wangu ni kushika mbili. `openssl genpkey` kwa kutengeneza, `openssl pkey` kwa kugeuza na kuchungulia. Hizo zinahudumia RSA, EC na Ed25519 kwa sarufi moja. `genrsa` na `rsa` waachie wenye skripti za miaka ya nyuma.

Imeshika nafasi ya pili kwa sababu kila kitu cha TLS (usimbaji unaolinda tovuti), benki na malipo hupitia kwake. Chukua mfano wa Daraja, jukwaa la Safaricom la kuunganisha mifumo na M-Pesa. Ili kumlipa mteja kutoka kwenye biashara, nywila ya mtumiaji wa API inasimbwa kwa ufunguo wa umma ulio ndani ya cheti chao, kwa RSA yenye ujazo wa PKCS#1 v1.5, kisha matokeo yanawekwa katika base64, yaani herufi za kawaida. Kwa openssl ni mstari mmoja:

`printf '%s' "$NYWILA" | openssl pkeyutl -encrypt -certin -inkey cheti.cer -pkeyopt rsa_padding_mode:pkcs1 | base64 -w0`

Tazama vitu viwili vidogo. Nimetumia `printf` kwa sababu `echo` ya kawaida huongeza alama ya mstari mpya mwishoni, nayo inasimbwa pamoja na nywila, halafu unakataliwa bila maelezo. Na `-w0` inazuia base64 ya Linux kukata mistari kila baada ya herufi 76. Mambo hayo mawili yamekula siku za watu.

Sasa ile .pfx iliyomshinda kijana wangu. OpenSSL 3.0 ilitoka Septemba 2021 na kuzisukuma mbinu za kale za usimbaji, ikiwemo RC2 ya biti 40, kwenye kapu la pembeni. Mafaili mengi ya .pfx yaliyotengenezwa na mifumo ya zamani yanatumia hiyo hiyo RC2. Ukiona kosa lenye neno `unsupported`, ongeza `-legacy`: `openssl pkcs12 -in faili.pfx -legacy -out ufunguo.pem`. Itakuomba nywila ya faili, kisha nywila mpya ya ufunguo. Basi. Wiki mbili zile zilihitaji neno moja.

Mabadiliko mengine ya 3.0 ni kwamba `genrsa` sasa inatoa PKCS#8 badala ya ile `BEGIN RSA PRIVATE KEY`. Programu yako ya zamani ikilia, pitisha ufunguo kwenye `openssl rsa -in mpya.pem -traditional -out zamani.pem`. Wenye Mac nao wajue kwamba `openssl` inayokuja na mashine hiyo ni LibreSSL, tawi lililochipuka 2014 baada ya kasoro ya Heartbleed, kwa hiyo baadhi ya amri za miongozo ya OpenSSL 3 hazitakubali. Andika `openssl version` kabla ya kumlaumu aliyeandika mwongozo.

Kabla ya kupeleka cheti kwenye seva, hakikisha kimetoka kwenye ufunguo ulio nao. `openssl x509 -in cheti.pem -pubkey -noout` upande mmoja, `openssl pkey -in ufunguo.pem -pubout` upande wa pili, yakifanana, endelea.

Kuna kisa ambacho kila anayechagua zana hizi anapaswa kukijua. Kuanzia Septemba 2006 hadi Mei 2008, kifurushi cha OpenSSL cha Debian, mojawapo ya Linux, kilikuwa na marekebisho yaliyoua karibu hali yote ya kutotabirika inayotumika kuzalisha funguo. Kilichobaki kubadilika kilikuwa namba ya mchakato tu, kwa hiyo kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo kulikuwa na uwezekano 32,768 tu kwenye aina moja ya mashine. Mtu angeweza kuzitengeneza zote kwenye kompyuta yake na kuanza kujaribu moja moja. ssh-keygen ya Debian na Ubuntu nayo iliponzwa, maana ilitegemea maktaba hiyo hiyo. Funguo zilionekana nzuri kabisa kwa macho. Ndiyo maana nasisitiza masasisho kuliko idadi ya biti.

3. age

Hii ni ya kusimba mafaili, wala si ya seva au vyeti. Filippo Valsorda na Ben Cox ndio walioibuni, na toleo la 1.0 likatoka 2021. `age-keygen -o ufunguo.txt` inakupa faili dogo lenye mstari wa `AGE-SECRET-KEY-1` na ufunguo wa umma unaoanza na `age1`. Hakuna cha kuchagua, kwa hiyo hakuna cha kukosea. Utamu wake zaidi ni kwamba si lazima hata utengeneze ufunguo mpya: `age -R ~/.ssh/id_ed25519.pub -o mishahara.age mishahara.xlsx` husimba faili kwa ufunguo wa SSH ambao mwenzako tayari anao. Ingekuwa inatengeneza vyeti, ningeipa nafasi ya kwanza.

4. puttygen

Kwenye Windows ni dirisha la kubofya, lakini kwenye Linux, ndani ya kifurushi cha `putty-tools`, ni amri safi. Kazi yake humu ni moja: ofisi ilikuwa Windows, wamehama, wamebaki na mafaili ya .ppk. `puttygen zamani.ppk -O private-openssh -o id_mpya`, umemaliza. Ikikataa kusoma .ppk ya toleo la 3, puttygen yako ni ya kabla ya 0.75 ya mwaka 2021, isasishe.

Isasishe hata isipokataa. PuTTY kuanzia 0.68 hadi 0.80 ilikuwa na kasoro katika sahihi za ECDSA za P-521, aina nyingine ya ufunguo: mtu akipata sahihi kama 60 anaweza kuhesabu ufunguo wa siri. Ilirekebishwa katika 0.81, Aprili 2024. Ufunguo wa aina hiyo uliowahi kutumiwa na matoleo yale hauponi kwa kugeuzwa fomati. Utupe, uufute na kwenye seva zote.

5. keytool

Huja na Java, na anayetengeneza programu za Android hana pa kukwepea. Zamani hifadhi yake ya funguo ilikuwa JKS, fomati ya Java yenyewe. Tangu JDK 9 ni PKCS#12, na hiyo ni nafuu kubwa kwa sababu openssl inaisoma. Keytool haina amri ya kukutolea ufunguo wa siri moja kwa moja, kwa hiyo pita njia ya kuzunguka: `keytool -importkeystore -srckeystore duka.jks -destkeystore duka.p12 -deststoretype PKCS12`, halafu openssl. Hifadhi yenyewe iweke nakala sehemu mbili, na isiwe ndani ya Git.

6. gpg

Itawaudhi wazee wenzangu. GnuPG ni kazi ya heshima, lakini funguo zake ni za OpenPGP, na kuzihamishia ulimwengu mwingine ni kama kumpeleka ng'ombe kwenye daladala. Itumie unapolazimika: kupeleka maktaba Maven Central, ghala la maktaba za Java, au kutilia sahihi vifurushi vya Debian. Wengi walikuwa nayo kwa ajili ya sahihi za Git tu, na tangu Git 2.34 ya mwaka 2021 ufunguo wa SSH unatosha kwa `git config gpg.format ssh`. Ukibaki nayo, fungua `~/.gnupg/openpgp-revocs.d`, chukua kile cheti cha kubatilisha kilichotengenezwa chenyewe, ukakihifadhi nje ya kompyuta.

Na ukitaka kutoa fedha kweli

Nunua kifaa cha USB kinachotunza ufunguo ndani yake. OpenSSH 8.2 ya Februari 2020 ilileta `ssh-keygen -t ed25519-sk`, ambapo faili lililo kwenye diski halina maana bila kifaa kuchomekwa na kuguswa. Kwa YubiKey, mojawapo ya vifaa hivyo, aina hiyo inahitaji programu ya ndani 5.2.3 au zaidi, na ya ndani hiyo haisasishwi: toleo ulilonunua ndilo utakalozeeka nalo. Muuzaji wa mkono wa pili akikuletea, chomeka uandike `ykman info` mbele yake kabla ya kuhesabu noti. Afadhali 5.7 kwenda juu, maana matoleo ya nyuma yana kasoro ya ECDSA iliyotangazwa Septemba 2024. Kuitumia kasoro hiyo kunahitaji mtu akishike kifaa chako na awe na vifaa vya maabara, kwa hiyo mwenye cha zamani asikitupe usiku huu. Lakini kwa bei ya kipya usikubali cha 5.4.

Na ununue viwili. Ufunguo uliomo ndani haunakiliki, kwa hiyo kimoja kikizama na suruali kwenye beseni la kufulia, cha pili kiwe tayari kimesajiliwa kwenye seva.