USC na Penn State: kikosi pungufu, njia mbili

Timu kubwa ya chuo katika futiboli ya Kimarekani iliruhusiwa wachezaji 85 wenye ufadhili wa masomo. Mwaka 2010 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kiliiadhibu USC, timu ya Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, kwa kuinyang'anya jumla ya nafasi 30 za ufadhili katika miaka mitatu. Kocha Lane Kiffin akakazania vipaji vichache vya daraja la juu. Mwaka 2011 wakashinda mechi 10 kati ya 12. Msimu uliofuata wakaanza wakiwa namba moja nchini, wakamaliza na ushindi 7 na vipigo 6. Nyota akiumia, benchi lilikuwa jepesi mno.

Penn State, timu ya chuo kikuu cha jimbo la Pennsylvania, ilibanwa zaidi na NCAA mwaka 2012: kikomo cha wachezaji wenye ufadhili kilipangwa kushuka hadi 65, na wachezaji wakaruhusiwa kuhamia vyuo vingine papo hapo. Wakongwe Michael Mauti na Michael Zordich wakawashawishi wenzao wabaki. Kocha Bill O'Brien akawapa nafasi vijana wanaojilipia karo, akapunguza kuangushana mazoezini ili majeruhi wasiongezeke. Walipoteza mechi mbili za mwanzo, kisha wakashinda 8 kati ya 10 zilizobaki.

Kwangu, Penn State walijua zaidi kubana matumizi ya miili, ingawa adhabu yao ililegezwa mapema.