Mashine ya CPAP kwa mume anayekoroma: uzoefu wangu

Kelele nilishazizoea. Kilichonitisha ni ukimya. Mume wangu anakoroma weee, ghafla kimya. Kifua kinahangaika lakini hewa haiingii, halafu anashtuka na kuvuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini. Mchana anasinzia kwenye kiti, na siku moja akasinzia kwenye foleni ya magari pale Mwenge, Dar es Salaam, akiwa ameshika usukani. Tangu hapo nikakataa kupanda gari analoendesha yeye mpaka akapime.

Tulishajaribu mengi kabla ya hapo. Plasta za puani zilimfungua pua, ila mkoromo wake ulitoka kooni. Mpira wa tenisi niliomshonea mgongoni mwa fulana ulimzuia kulala chali, na kweli akilala ubavu sauti ilishuka, lakini pumzi iliendelea kukatika. Ningependa kila mtu alijue hili kabla hajatoa hela: tukilala, misuli ya koo hulegea, ulimi na kaakaa laini hurudi nyuma, na hewa inayopita pale pembamba hutikisa nyama hizo. Huko ndiko kukoroma. Njia ikiziba na pumzi ikasimama kwa sekunde 10 au zaidi, tena na tena usiku kucha, huo ni ugonjwa uitwao sleep apnea, na plasta haiugusi.

Kipimo alifanyia nyumbani, usiku, kitandani kwake: mkanda kifuani, kamrija puani na kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni. Majibu yalionyesha pumzi inakatika au kufifia mara 38 kwa saa. Chini ya 5 ni kawaida. Kuanzia 30 ni hali kali. Daktari akamwambia apunguze mwili, aache bia za usiku maana pombe huzidi kulegeza koo, na alalie CPAP, mashine ya kusukuma hewa kooni kupitia barakoa.

Wengi hudhani mashine hii inatoa oksijeni. Haitoi. Inasukuma hewa ileile ya chumbani kwa presha ndogo ili koo lisijifunge. Aliyeianzisha ni daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, na matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1981. Ya kwetu inajipimia presha yenyewe, kati ya 4 na 20 (kwa kipimo cha sentimita za maji), na inaanza polepole mpaka mtu apitiwe na usingizi.

Kazi kubwa iko kwenye barakoa. Ya kwanza ilifunika pua na mdomo, na kwa ndevu za mume wangu haikukaa. Hewa ilivuja pembeni ikanipuliza mimi usoni. Tukabadilisha, tukachukua ile yenye vimpira laini vinavyokaa kwenye matundu ya pua tu. Ikatulia, ila mdomo ukawa unafunguka usingizini, tukaongeza mkanda wa kidevu. Msikate tamaa mapema hapa. Mume wangu alikuwa anaivua usiku wa manane bila kujijua, na ilimchukua wiki kadhaa kuizoea.

Kuna pia mambo ambayo hayamo kwenye kijitabu cha maelekezo. Chandarua, kwa mfano. Mpira wa hewa, ule mrija mrefu unaounganisha mashine na barakoa, ukipita chini yake unakinyanyua na mbu wanaingia. Nilifumua mshono kidogo upande wa kichwani, nikapitisha mpira, nikakaza tundu kwa lastiki. Kitanki cha mashine kinachoipa hewa unyevu kinataka maji yaliyokenekwa (distilled), yasiyo na chumvi. Maji ya kisima chetu yangeacha ukoko. Barakoa naiosha kila asubuhi kwa sabuni laini na kuianika kivulini. Umeme ukikatika mashine inazima na yeye anaamka, hivyo tumenunua betri yake. Tukiitumia tunazima kipasha maji cha kitanki kile, chaji inadumu zaidi.

Sauti yake? Ni ndogo kuliko feni yetu. Mkoromo umeisha, na asubuhi kioo cha mashine kinaonyesha pumzi zinazokatika ziko chini ya 5 kwa saa. Maumivu ya kichwa ya asubuhi yamekwisha, hasira za jioni zimepungua, na sasa anaendesha mpaka Morogoro mimi nikiwa pembeni bila wasiwasi. Nami nalala. Sikujua nilikuwa nimechoka kiasi gani.

Bei inauma. Mashine, barakoa na betri vilizidi milioni mbili, na bima yetu haikulipa hata senti. Kama pumzi ya mwenzio haikatiki na mchana yuko mzima, msianze na CPAP. Aanze kwa kulala ubavu na kupunguza mwili. Mnaofikiria ya mtumba, angalieni modeli kwanza: Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudisha mamilioni ya mashine, zikiwemo DreamStation za toleo la kwanza, kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza kelele ilikuwa inaweza kumeguka na kuvutwa na mgonjwa. Muulizeni muuzaji namba ya mashine, na barakoa na mpira wa hewa nunueni vipya.