Hobie 16 kuukuu, nyaya mpya: uzoefu wangu wa kufufua mlingoti hapa Dar

Kama una Hobie 16 ya zamani, ile katamarani ndogo ya tanga yenye mitumbwi miwili, imelala mchangani na unajiuliza hela uanzie wapi, anzia kwenye nyaya zinazoshika mlingoti, kisha kapi za demani, ile kamba ya kukaza tanga. Tanga jipya lisubiri. Dyneema, ile kamba ya plastiki yenye nguvu, nayo ina mahali pake, ila si kila mahali kama wauzaji wanavyodai. Hayo ndiyo niliyoyaona baada ya kubadilisha karibu kila kitu kinachoshika au kuvuta tanga kwenye chombo chetu. Bei nitaitaja, maana Wabongo tunajuana.

Chombo chenyewe ni cha kwangu na shemeji yangu, nusu kwa nusu. Tulikinunua kwa mzungu aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao, kwa bei ya kutupa, na hivyo ndivyo katamarani ndogo nyingi za Dar zinavyobadili mikono. Hobie 16 ilianza kutengenezwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, kazi ya Hobie Alter wa California, aliyeanza maisha kwa kuunda mbao za kuteleza kwenye mawimbi. Ina urefu wa mita 5 na ushee, uzito wa kilo 145 hivi, na mlingoti wa alumini wa mita 8. Haina ubao wa kushusha chini. Ubavu wa nje wa kila mtumbwi ni bapa kuliko wa ndani, na huo ubapa ndio unaozuia chombo kisisombwe upande. Kwa Msasani, ambako bamvua likitoa maji unatembea kwa miguu mpaka mbali, hilo ni jambo kubwa. Na kwa kuwa umbo lake halijageuzwa miaka yote hiyo, kifaa kinachotoka kiwandani leo kinaingia bila ubishi kwenye chombo chenye umri wa kuitwa baba.

Nyaya tulizozikuta, ukizitazama kwa mbali, zilikuwa zinang'aa. Usidanganyike na mng'ao. Chukua pamba, izungushe kwenye waya, iteremshe polepole kutoka juu mpaka chini. Ikinasa, kuna uzi umekatika. Pamba yetu ilinasa karibu kabisa na kile kifuniko cha chuma kilichobanwa mwishoni, na nilipoupinda waya kidogo kwa kidole, nyuzi nyingine mbili zikachomoza. Waya huo una nyuzi 19 zilizosokotwa, unene wa milimita 3. Nyuzi tatu zikiondoka, zilizobaki zinabeba mzigo wote, na hujui ngapi kati yake zimeshaliwa ndani ambako jicho halifiki.

Ugonjwa huwa mahali pale pale, kwenye kile kifuniko. Stenlesi haishiki kutu kwa sababu ina ngozi nyembamba ya kinga inayojirudishia yenyewe ikipata hewa. Maji ya chumvi yakiingia ndani ya kifuniko yakatuama, hewa haifiki, ngozi haijirudishi, na waya unaliwa kimyakimya. Ile kanuni ya kubadilisha nyaya kila miaka 10 ni ya watu wa maji baridi wanaofunika vyombo vyao nusu mwaka. Hapa jua na chumvi havina likizo. Waya wa upande wa joshi, yaani upande upepo unakotoka, ukikatika kwenye kusi, mlingoti unakuja chini na tanga lake.

Kwanza tulihangaika humu humu mjini. Kariakoo utapata stenlesi ya kila namna, lakini nyingi ni ile ya mageti na ngazi, inayoitwa 304. Ya baharini ni 316, ambayo imeongezwa molibdenamu ili istahimili chumvi. Ukiziweka kaunta moja huzitofautishi. Duka moja liliniuzia boliti na pini likaapa ni 316, na kabla mwezi haujaisha zilikuwa na machozi ya kahawia. Nikaenda mtaa wa mafundi wa Gerezani kutafuta mwenye mashine ya kubana vichwa vya waya. Fundi mmoja akaugeuzageuza ule waya, akaniambia, "Kaka, huu nakuchomea mara moja, hautoki mpaka kiama." Waya wa namna hii ukiuchomea, moto unaulegeza hapo hapo ulipoguswa. Nikamshukuru, tukaagana vizuri. Wengine wakashauri vibanio vya boliti kama vinavyofungwa kwenye nyaya za minara ya redio. Mnara hautikisiki kila sekunde. Mlingoti wa katamarani unatikisika.

Kwa hiyo tukaagiza Ulaya: seti nzima ya nyaya zikiwa na vichwa vyake vilivyobanwa kiwandani, kapi mpya za demani, na kamba za Dyneema. Ukijumlisha usafiri, ushuru, VAT ya asilimia 18 na wakala wa forodha, tulifika kwenye milioni tatu hivi. Kumbuka kodi inapigwa mpaka kwenye gharama ya usafiri, kwa hiyo agiza vyote kwa pamoja, usiagize kidogokidogo. Duka lenyewe nalipatia alama nzuri kwa bidhaa na mbaya kwa ufungashaji: zile pete ndogo za kuzuia pini hazikuwemo, na barua pepe yangu ilijibiwa baada ya muda ambao ningeweza kuzifuata kwa jahazi. Bahati nzuri jirani yetu ufukweni, mwenye Dart 18, katamarani nyingine ndogo, alikuwa nazo za akiba.

Ubora wa nyaya sina neno. Urefu ulikuwa sawasawa, vichwa vimebanwa bila ufa, na pini ziliingia kwenye vile vibao vya matundu vya pembeni bila kugongwa nyundo. Ila kuna jambo la Hobie 16 ambalo wengi hawalijui. Waya wa mbele, ule unaodhani ndio unaoshikilia mlingoti, chombo kikiwa safarini unalegea. Mzigo wote unabebwa na waya ulioshonewa ndani ya tanga la mbele, pamoja na jarari yake, kamba inayolipandisha tanga. Jarari hiyo ikikatika, mlingoti unarudi nyuma mpaka waya wa mbele uudake. Sasa utakuta mtu kanunua nyaya mpya tatu, kaacha jarari ya tanga la mbele ileile ya zamani yenye kapi iliyochakaa. Hapo usibane hela hata kidogo.

Jarari ya tanga kubwa ni kinyume chake. Tanga likifika juu, kuna ndoana kileleni inayolinasa, na kuanzia hapo kamba haina kazi yoyote. Wauzaji watakusukumia Dyneema ya bei kali kwa sababu haivutiki. Ya nini, kama haivutwi? Tulinunua kamba ya kawaida ya poliesta, laini mkononi, tukahakikisha tu kile kipete cha chuma kinachonaswa na ndoana kimekaa mahali pake. Inafanya kazi vilevile.

Dyneema yetu iliishia kwenye trapizi, zile kamba zinazoteremka kutoka juu ya mlingoti ambazo unajining'iniza nazo ukiwa umesimama ukingoni, na kwenye vifungo vidogovidogo vilivyokuwa na pingu za chuma. Hiyo kamba ni polithini, ndugu wa mbali wa mifuko ya rambo iliyopigwa marufuku 2019, ila nyuzi zake zimenyooshwa kiwandani mpaka kwa unene uleule zinaushinda waya wa stenlesi kwa nguvu. Ni nyepesi kuliko maji, ikidondoka inaelea. Na waya wa trapizi ukikatika nyuzi unakuchana kiganja, Dyneema haichani mtu.

Shida yake ni fundo. Inateleza mno, na ukiifunga fundo unapoteza nusu ya nguvu yake, pengine zaidi. Lazima uiunge kwa kuisukia ndani yake yenyewe: ncha inarudi na kuzikwa katikati ya kamba kwa urefu wa mara 72 ya unene, yaani kamba ya milimita 4 inazikwa sentimita 29. Nikamfuata mzee mmoja anayeunda ngalawa pale Msasani kijijini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba. Umeniletea nini leo?"

Akaipokea, akaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akacheka. "Hii itakukimbia hii. Fundo haikai nalo." Nikamwonyesha mara moja tu namna inavyozikwa. Akaniambia nisogee. Akachukua kipande cha waya wa breki ya baiskeli, akakikunja kikawa kitanzi chembamba, akakipenyeza ndani ya kamba, kikatokea kule, akainasa ncha na kuivuta ndani. Kabla ya kuivuta alifanya jambo ambalo sikuwa nimemwambia: alikata nyuzi za ncha moja moja kwa kupishana, ili mwisho wake uchongoke na kamba isivimbe ghafla mahali pamoja. Kisha akakanyaga upande mmoja, akavuta mwingine kwa mgongo wake wote, akanirudishia bila kusema kitu. Nilimpa hela nzuri, na bado ilikuwa ndogo kuliko ambayo duka lingenitoza kwa kuziunga.

Kwa nini basi nisiziweke Dyneema hata pembeni, badala ya waya? Wapo wanaofanya hivyo na watanibishia. Mimi siweki. Dyneema ikikaa na mzigo saa zote inarefuka polepole na hairudi, na sisi Dar tunaacha milingoti imesimama msimu mzima. Jua letu nalo linaila ngozi ya juu mwaka hadi mwaka, na kiasi gani kimeliwa huwezi kukijua kwa pamba. Waya angalau unakuonya kwa kuchomoza. Na kama unashindana, soma kwanza sheria za daraja la mashindano la Hobie 16. Ni kali kwa vifaa visivyo vya kiwandani.

Sasa kapi, ambazo kwangu ndizo zilizobadilisha chombo. Kapi za zamani za demani zilikuwa ndefu, na magurudumu yake yalishaganda kwa chumvi na mchanga. Urefu huo una maana kubwa kuliko unavyofikiri. Ukiulaza mlingoti nyuma, ncha ya boriti ya tanga, ule mti unaolala chini ya tanga, inashuka, na kapi ya juu inakutana na ya chini kabla tanga halijakaza. Zikigusana, umefika mwisho, huna cha kuvuta tena. Kwa hiyo wenye kapi ndefu wanalazimika kuusimamisha mlingoti wima, na Hobie 16 yenye mlingoti wima inapenda kuchimba omo, yaani pua ya chombo, kwenye wimbi na kupinduka kichwa chini, maana omo zake ni nyembamba, hazina ubebaji. Kapi mpya ni fupi, za mvuto wa sita kwa moja kama zile za awali, lakini zina vigololi ndani. Tulishusha pini za pembeni, tukarefusha mbele, mlingoti ukalala nyuma vizuri.

Jaribio la haki ni kurudi kutoka kisiwa cha Bongoyo wakati wa kusi. Kwenda ni starehe, upepo uko nyuma. Kurudi ni bisho, upepo usoni, mwanzo mwisho. Zamani ilikuwa kazi ya kuvuta demani kwa mikono miwili na mguu ukiegemea, na kila tukigeuza chombo kinakwama, omo inautazama upepo na tunarudi kinyumenyume. Sasa shemeji anaivuta kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa kwenye usukani, na omo zinapanda juu ya wimbi badala ya kulichoma. Kugeuza bado kunahitaji ustadi, hilo ni tabia ya Hobie 16 na halitaisha kwa kununua vitu. Usukani umekuwa mzito kidogo kwa sababu ya huo ulalo. Hakikisha mapanga yake yameshuka mpaka mwisho na yamejifunga, la sivyo utarudi nyumbani na bega linauma.

Wakati mlingoti uko chini, kagua ribiti. Stenlesi ikikaa juu ya alumini penye chumvi, inayoliwa ni alumini. Utaona unga mweupe kuzunguka kila tundu. Kwangu tulizitoa zilizolegea, tukapaka grisi maalumu ya kutenganisha metali, tukapiga mpya. Tazama na kilele cha mlingoti. Tangu miaka ya 1980 Hobie ilianza kuuza milingoti yenye kipande cha juu cha faiba kisichopitisha umeme, baada ya watu kunaswa na umeme huko Marekani. Wetu ni alumini mpaka juu, kwa hiyo hatukisukumi chombo popote mlingoti ukiwa umesimama, hata kama ni hatua chache tu kuvuka barabara kuelekea gereji. Nyaya za umeme za TANESCO mitaa mingine zinaning'inia chini kuliko unavyokumbuka.

Neti ya kukalia bado ni ileile, imeshonwashonwa pembeni kwa uzi wa nyavu, na inashika. Shemeji anataka tanga jipya la rangi. Nimemwambia tuzungumze kaskazi ikiingia, na kwanza alete pete za yule jirani tulizokopa.