Gamescom ya Köln: gemu nzuri, foleni ziangaliwe upya

Jumamosi ya tarehe 23 Agosti 2025 nilimpeleka mpwa wangu wa miaka 13 gamescom, maonyesho ya gemu za video yanayofanyika Köln, Ujerumani. Tunakaa Essen, kwa hiyo safari ni treni moja tu. Unashuka kituo cha Köln Messe/Deutz, unafuata mkondo wa watu, na dakika chache baadaye uko mlangoni. Wenye watoto watanielewa nikisema jambo hilo peke yake ni neema. Tiketi nilikata mapema mtandaoni, maana Jumamosi ndiyo siku inayogombaniwa kuliko zote.

Kwa asiyeyafahamu, haya ndiyo maonyesho ya gemu yanayojaza watu wengi kuliko yote ya aina yake. Yalianza Köln mwaka 2009, yakichukua nafasi ya yale yaliyokuwa yakifanyika Leipzig, na baada ya E3, maonyesho makubwa ya gemu ya Los Angeles, kufungwa moja kwa moja Desemba 2023, macho ya wapenzi wa gemu yamehamia huku. Mwaka huo wa 2025 waandaaji walitangaza wageni 357,000 na waonyeshaji 1,568. Ukisimama kwenye ile njia kuu inayopita katikati ya kumbi, hesabu hiyo unaiona kwa macho yako: vichwa mpaka mwisho wa upeo, vijana waliovaa mabawa ya kadibodi na panga za sponji, baba na mabinti zake wawili wamevaa kofia nyekundu za Mario.

Jambo nililolipenda mapema ni mikanda ya mkononi. Kila mmoja anavalishwa kwa umri wake, kuanzia miaka 12, 16 au 18, kufuata madaraja ya Kijerumani yanayopanga gemu kwa umri wa mchezaji. Gemu za watu wazima zimezungushiwa kuta, hata ukipita jirani huoni kinachoendelea kwenye skrini. Kama mlezi nilitembea moyo umetulia. Sikulazimika kumziba mtoto macho kila kona.

Lakini mkanda huohuo ndio uliotuumiza. Mpwa wangu alikuwa na gemu moja aliyoisubiri mwaka mzima, kwenye banda kubwa ambalo sitalitaja. Tukaunga mkia wa foleni saa nne na nusu asubuhi. Tulisimama saa mbili na dakika hamsini. Mbele yetu migongo, pembeni kamba, juu yetu spika inayopiga kelele bila kupumzika. Tulipofika kwenye kamba ya mwisho, dada wa banda akaushika mkono wa mtoto, akautazama mkanda, akatikisa kichwa. Gemu ni ya 16. Kibao kilichosema hivyo kilikuwa pale pale mbele, kidogo, usawa wa kiuno, mahali ambapo aliyeko nyuma hawezi kukiona. Dada akaniambia mimi ninaruhusiwa kuingia. Nilimtazama mpwa wangu. Hakulia. Alikuwa anaushusha mkono wa sweta taratibu kuufunika mkanda, na mimi nikatoka naye.

Sheria sina ugomvi nayo, na ile 16 ni makosa yangu kutoikagua nyumbani. Ninachodai ni kwamba mkanda ukaguliwe mkiani. Mtu mmoja tu asimame mwisho wa foleni, atazame mikono, aseme "hii si yako, kijana, nenda lile banda kule." Ingemchukua sekunde tano. Sisi imetuchukua asubuhi nzima.

Halafu foleni yenyewe. Nimekulia Ngamiani, Tanga, na kaka yangu alikuwa na kibanda cha gemu: PS2 mbili, televisheni mbili za chogo, benchi moja na kaunta buku. Ukifika unaandikisha jina, unaambiwa mbele yako wako sita, unakwenda zako. Wengine walienda kula mihogo, wengine kuswali, wengine walitumwa dukani na mama zao wakarudi. Zamu yako ikifika kaka anaita jina mara tatu. Haupo, anakuruka na kumpa pedi anayefuata, na ukirudi unaingia baada yake. Siku za Jumapili kibanda kilijaa watoto, na sikumbuki hata mmoja aliyesimama saa tatu.

Sasa kila anayeingia gamescom ana simu mfukoni, na tiketi yenyewe imo ndani ya simu hiyo. Kinachozuia banda kubwa kuwa na kaunta buku yake ni nini? Mpe mtu namba, mwambie arudi saa nane kasoro robo, muache azunguke. Waonyeshaji wadogo wenyewe watafaidika, kwa sababu watu walioganda kwenye kamba za wakubwa wangekuwa wanapita mbele ya meza zao. Na waandaaji waliweke kama sharti la kukodi nafasi, wasimwachie kila mwenye banda aamue. Pale panaposhindikana kabisa, basi waandike muda kwenye nguzo: kutoka hapa ni saa moja, kutoka hapa ni saa mbili. Mtu aamue mwenyewe akijua.

Viti pia. Saa nane tulikula chapati zetu na kuku sakafuni, tumeegemea ukuta, na kulia na kushoto ukuta mzima ulikuwa hivyohivyo, wakiwemo watu wazima wa miaka sitini na mama mmoja anayenyonyesha. Benchi za kutosha kando ya kila ukumbi si gharama ya kuangusha maonyesho.

Baada ya kula tukaenda Ukumbi wa 10, na hapa ndipo ninapowasihi wenzangu mwanzie. Kuna mashine za gemu za zamani unazoruhusiwa kuzigusa, kompyuta ya Commodore 64 na wenzake, zinatunzwa na watu wanaozipenda kweli. Na kuna watengenezaji wadogo, wawili watatu kwenye meza moja, gemu yao kwenye kompyuta moja. Hawana spika ya kukuita. Mpwa wangu alikaa kwenye meza ya vijana wawili waliotengeneza gemu ya mlinzi wa mnara wa taa. Akacheza kimya. Mara akasimamisha, akamwita mmoja wao amwonyeshe kasoro. Mlinzi akipanda ngazi huku ameshika taa, ukiruka katikati, taa inabaki hewani, mlinzi anashuka mikono mitupu.

Yule kijana akainama karibu na skrini. "Rudia," akamwambia. Akarudia. "Tena." Akarudia tena, taa ikabaki pale pale inaning'inia. Kijana akatoa daftari dogo mfukoni, akaandika, akamwonyesha mwenzake, kisha akamuuliza mtoto anaitwa nani na akaliandika jina chini yake. Tulikaa pale zaidi ya nusu saa. Wakamuuliza ngazi ziwe ndefu au fupi, muziki wa usiku unamtisha au la, na kila alichojibu kiliandikwa. Sijamwona mpwa wangu akikaa wima vile hata darasani.

Kwa nyota tano ninawapa nne. Inayobaki ni ya foleni, na wakiirekebisha nitaiongeza kwa furaha. Mwaka 2026 ni tarehe 26 hadi 30 Agosti. Mtoto atakuwa bado kwenye mkanda wa 12, kwa hiyo orodha ya gemu tutaipitia pamoja mezani kabla ya kukata tiketi, tutakwenda Alhamisi, na tutaanzia Ukumbi wa 10. Anataka kwanza kuona kama taa inashuka na mwenyewe.