Uzoefu wangu na Annif kwa nyaraka za Kiswahili

Annif ni programu huria ya Maktaba ya Taifa ya Finland. Inasoma waraka na kupendekeza vichwa vya somo (maneno yanayoeleza waraka unahusu nini) kutoka kwenye msamiati uliouchagua wewe. Mimi naitumia kwa ripoti na vijitabu vya kilimo pamoja na AGROVOC ya FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa), msamiati wa bure wenye istilahi za Kiswahili pia. Kwa nyaraka za Kiingereza inafanya vizuri tangu mwanzo. Kwa Kiswahili inafaa, lakini inadai kazi ya mkono.

Kusakinisha ni kwepesi: Linux, Python, kisha pip install annif. Mipangilio yote inakaa kwenye faili la projects.cfg.

Ugumu uko kwenye maumbo ya maneno. Kichanganuzi cha Snowball, kinachojaribu kurudisha maneno kwenye shina, hukata miisho ya maneno, ilhali nomino zetu hubadilika mwanzoni: mdudu, wadudu, mti, miti. Badala yake weka analyzer=simplemma(sw), ambayo ina orodha ya maneno ya Kiswahili, ingawa mengi bado yanaipita. Hilo linaiumiza hasa MLLM, mbinu inayolinganisha maneno ya waraka na lebo za msamiati. Lebo ikiwa "mdudu" na ripoti nzima inasema "wadudu", dhana hiyo inaweza isijitokeze kabisa. Nimeona dawa yake ni kuongeza maumbo ya wingi kwenye faili la SKOS (muundo wa kuhifadhi msamiati) kama skos:hiddenLabel, yaani lebo iliyofichwa, yenye alama ya @sw ya Kiswahili, kuweka use_hidden_labels=true, kisha kupakia msamiati upya kwa annif load-vocab na kufundisha upya. Kazi hii mpe mkutubi anayeijua mada, maana fundi wa kompyuta hatajua kuwa viwavijeshi ndio wanaotafutwa na wakulima.

MLLM inatosheka na mifano mia kadhaa ya nyaraka zilizokwisha kupewa vichwa vya somo vizuri. Omikuji, mbinu nyingine ya Annif inayojifunza kutoka kwenye mifano tu, inataka maelfu, na haipendekezi kamwe dhana ambayo haikuwamo kwenye mifano. Mwenye rekodi chache za Kiswahili abaki na MLLM.

Annif haifungui PDF. Toa matini kwa pdftotext, au kwa Tesseract yenye data ya swa kama kurasa ni za skana. Futa vichwa vya kurasa vinavyojirudia, la sivyo jina la wizara litakuletea "kilimo" kwenye kila waraka. Kwa mifano ya kufundishia, kila faili la .txt liwe na .tsv yake ya jina lilelile, yenye URI (anwani za kipekee) za dhana.

Tenga nyaraka ambazo hazikutumika kufundishia, uzipime kwa annif eval na uangalie F1@5, kipimo cha usahihi na ukamilifu wa mapendekezo matano ya kwanza. Baadaye annif optimize itakuonyesha idadi ya mapendekezo na kiwango cha chini cha alama vinavyokufaa. Usiipe kichwa cha kitabu peke yake. Angalau ipe muhtasari, maana maneno matano hayaipi cha kulinganisha.